Fundi wa Bunduki Anajibu: Ganda Linasimama Wima

SWALI: Shikamoo mzee. Nina bunduki ya nusu-otomatiki ya .22, ya leseni, natumia kulenga shabaha shambani. Asubuhi inakwama kila risasi ya pili au ya tatu: ganda tupu la risasi linasimama wima, limebanwa na boliti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kufunga chemba. Mchana inakwama mara mojamoja. Niliisafisha, nikaipaka oili ya pikipiki, ikazidi. Magazini (kibebeo cha risasi) ninazo mbili. Springi imekufa? – Msomaji, Sanya Juu.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Springi iache kwanza. Umesema "asubuhi", ukasema "oili ya pikipiki". Hapo ndipo penye ugonjwa.

Bunduki nyingi za .22 za aina hiyo hazina bomba la gesi. Ganda lenyewe, likisukumwa na moto wa baruti, ndilo linalorudisha boliti nyuma, na nguvu yake ni ndogo. Boliti ikiwa na mwendo mzito hairudi hadi mwisho, ganda halitupwi nje sawasawa, halafu boliti inalikuta bado kwenye mlango wa kutokea inapojifunga. Oili ya injini kwa baridi ya Julai huko kwenu ni asali, na vumbi la Sanya likishakorogeka humo unapata tope. Jua likipanda inalegea, nawe unadhani bunduki imepona.

Toa magazini, vuta boliti, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu. Hakikisha tena. Futa oili yote. Kisha tazama kucha ndogo inayovuta ganda, ile iliyo mbele ya boliti. Chini yake utakuta uchafu mweusi: masizi na nta ya risasi, vimeshikana kama ugoro uliokauka. Utoe kwa njiti ya meno. Nilipokuwa nahudumia silaha za askari wa wanyamapori niliwahi kubadilisha springi mbili za watu kabla sijachungulia hapo, na bado naona aibu. Chemba isugue kwa brashi ya shaba, usiingize msumari. Mafuta ni ya cherehani, matone mawili, halafu futa tena mpaka ubaki unyevu tu.

Soma na boksi la risasi. Zile za kimya, za kama mita 320 kwa sekunde, mara nyingi hazina nguvu ya kuendesha bunduki hizi. Jaribu za kasi, karibu mita 375.

Magazini moja itie alama, mwombe mama watoto rangi ya kucha, ujue kama inakwama moja tu au zote mbili. Magazini mbovu mara nyingi huonekana kwa risasi mpya kugonga ukingo wa chemba kwa pua, na hilo hukulisema.

Ikikataa bado, trigga usiifungue nyumbani. Nenda kwa fundi mwenye kibali, na leseni yako mkononi, ukimbebea maganda matano ya siku hiyo. Akitazama ukingo wa maganda, atapata dalili ya jinsi kucha inavyoshika kabla hujakaa kwenye kiti.