Kuanza mashindano ya baiskeli ya mikono baada ya miaka hamsini

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu wa miaka 54, aliyepooza miguu kwa kuumia uti wa mgongo, amechelewa kuanza kushindana kwa baiskeli inayoendeshwa kwa mikono. Mimi nilianza nikiwa nimeshaupita umri wako, na ninakuhakikishia kwamba hujachelewa.

Kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, huwapanga waendeshaji katika madaraja kwa ulemavu na si kwa umri, kuanzia H1, wenye ulemavu mzito zaidi, hadi H5, kwa hiyo utashindana na vijana wa miaka 25. Hilo lisikuvunje moyo. Alex Zanardi wa Italia, aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya mbio za magari mwaka 2001, alitwaa dhahabu ya mbio za kushindana na saa, ambamo kila mtu huondoka peke yake, katika Paralimpiki ya London 2012, kisha akaitwaa tena Rio 2016 akiwa na miaka 49. Nakushauri nawe uanze na mbio hizo, kwa sababu kasi ya ghafla hupungua mapema mtu anapozeeka, ilhali uwezo wa kushikilia mwendo mmoja hudumu zaidi.

Linalohitaji uangalifu mkubwa ni mabega. Kijana mwenye miguu akiumia bega hupumzika, lakini sisi mabega hayohayo ndiyo yanayotuhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na yanasukuma kiti hicho mchana kutwa, hivyo bega likiharibika hupotezi mashindano tu, bali unapoteza pia uhuru wako nyumbani. Baada ya mazoezi makali mimi huacha siku mbili za mwendo mwepesi kabla ya kujikaza tena, na sijawahi kujutia mapumziko hayo. Kila nikishuka hukagua ngozi ya makalio, kwani kidonda usichokihisi kinaweza kukulaza miezi.

Kama jeraha lako liko karibu na shingo, mapigo ya moyo hayatapanda kama ya wengine na jasho litatoka kidogo mno. Pima juhudi kwa wati, yaani nguvu unayoitoa kwenye baiskeli, au kwa jinsi unavyohema, na ujimwagie maji kukiwa na joto.

Baiskeli usiinunue sasa. Omba kwanza kupimwa daraja, kwa kuwa wa H1 hadi H4 huendesha wakiwa wamelala chali na wa H5 wakiwa wamepiga magoti, na fremu zake ni tofauti kabisa.