Jibu: Mama kushikwa na misuli ya mguu usiku

Dadangu, pole kwa mama. Umeuliza kama kumkanda kwa mafuta ya simsim kunafaa misuli ikimkaza usiku. Mkandeni, hasa yakiwa vuguvugu, kwetu Lamu ndivyo tufanyavyo. Ila msuli ukishakaza, mafuta yasubiri: anyooshe goti, avute vidole vya mguu kuelekea kwake mpaka shavu la mguu lilegee. Na anyooshe hivyo hivyo kila usiku kabla ya kulala. Sabuni chini ya shuka, wanayoitumia Wamarekani kuzuia misuli kukaza, haina madhara wala ushahidi. Kwinini, ile dawa ya malaria ambayo wengine huitumia kwa misuli, ndiyo ninayoiogopa. Msimpe kwa ajili ya hili hata kidogo, yaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kudhuru damu. Kama anameza vidonge vya presha vya kukojoza, amwambie daktari, huenda ndivyo vinavyomkaza. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali.