Pawasaplai ya wati 300 au 600 kwa Dell ya zamani?

Ndugu yangu, umeuliza kama pawasaplai (kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme) ya wati 300 itaitosha hiyo OptiPlex yako, kompyuta ya mezani ya Dell, au uchukue ile ya 600 ya bei rahisi uliyoonyeshwa dukani. Kama haina kadi ya michezo (kadi ya ziada ya picha), 300 za kweli zatosha na kubaki. Nasema za kweli kwa sababu karatasi haikatai kuandikwa. Kwenye lebo yake tazama safu ya volti 12, zidisha ampea kwa 12. Ukikuta ampea 18 peke yake, hizo ni wati 216, hata wakiandika elfu. Kisha ipime mkononi: ikiwa nyepesi kama kifuu, mrudishie mwenyewe.

Lakini kwanza fungua kasha uhesabu pini za plagi kubwa ya madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Zikiwa 24, sawa. OptiPlex 9020 ina 8, na pawasaplai ya kawaida haiingii bila adapta.

Kukiwa na swichi nyekundu nyuma ya pawasaplai, iweke 230, maana stima yetu ni 240. Ukiiacha kwenye 115, utasikia mlio na harufu.

Ya mtumba pia si mbaya, ila ichungulie ndani kwa tochi. Yangu ya kwanza hapa Malindi, nyumba karibu na ufuo, ililiwa na chumvi mpaka feni ikagoma.