Akili mnemba itasoma nini, kama daftari liko Korogwe?

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, uko tayari kutibiwa kwa ushauri wa akili mnemba?" Swali limenigusa, ila nitaanzia nyuma yake kidogo. Hiyo akili mnemba itanishauri kwa kusoma nini? Historia ya mgonjwa wa kwetu imo kwenye daftari alilonunua nje ya geti la hospitali. Likibaki nyumbani, anaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuumwa.

Mama alikuja kunitembelea Morogoro akitokea Korogwe, mzima kabisa. Usiku mmoja homa ikampanda, akawa anasema maneno yasiyoeleweka na kuniita kwa jina la marehemu dada yake. Tukamkimbiza hospitali. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mkojo ukaonyesha maambukizi. Daktari, kijana mtaratibu sana, alipomaliza kuandika dawa akauliza: "Mama ana aleji na dawa yoyote?"

Nilichojua ni kwamba zamani, kabla ya dawa ya mseto ya malaria kuingia mwaka 2006, mama alimeza vidonge akababuka mwili mzima, midomo ikavimba, ngozi ikamtoka mapajani. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Vidonge gani, hakuna aliyewahi kuniambia, na mama mwenyewe hakuwa katika hali ya kuulizwa.

Nikampigia kaka. Kwao umeme ulikuwa umekatika, akafungua sanduku la mama kwa tochi ya simu hiyo hiyo aliyokuwa akiongea nayo, kwa hiyo kila akimulika ndani sauti inafifia. Akatoa hati ya shamba. Akatoa kadi zetu za kliniki za utotoni, mama kazitunza zote. Chini kabisa madaftari yamefungwa kwa kipande cha khanga. La kwanza la presha, la pili la macho. La tatu jalada lilikuwa limeliwa na mende, na ndani nesi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu na kupigia mstari mara mbili. Kaka akaanza kunisomea herufi moja moja: S, U, L, P... Daktari akaniomba simu, akamwambia apige picha aitume. Picha ikachelewa kufunguka, tukabaki wote tunakitazama kioo. Ilipofunguka akaikuza, akaisoma, kisha akaikata kwa kalamu ile dawa aliyokuwa ameshaiandika. Ilikuwa na salfa, ile ile aliyoionya nesi.

Mama alipona kwa dawa nyingine. Nesi yule, ambaye hatumjui hata jina, ndiye aliyemkinga, pamoja na sanduku ambalo kaka alijua ufunguo wake ulipo. Je, asiye na kaka?

Ndiyo maana nilipokaa kuandika nilikuwa na jibu moja tu: taarifa zetu zote ziunganishwe, hospitali yoyote izione, kompyuta izisome. Na inawezekana. Nairobi, kliniki 15 za Penda Health zilijaribu programu ya akili mnemba inayosoma anachoandika tabibu na kumwonya kabla mgonjwa hajaondoka. Utafiti wao wa mwaka 2025, walioufanya na OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, katika mahudhurio karibu 40,000, ulionyesha makosa ya kutambua ugonjwa yamepungua kwa asilimia 16. Lakini kule tabibu anaandika kwenye kompyuta, kwa hiyo programu ina cha kusoma. Daftari la mama hakuna mashine ingelifikia.

Hapa katikati nimesita. Mjini kwetu wapo watu wanaopanda basi kwenda kuchukua ARV wilaya nyingine, wakati zinatolewa mtaa wa pili, kwa sababu anayetafuta mafaili hapa ni mtoto wa jirani. Nikisema "hospitali yoyote izione", nawaambia hao wakajifiche wapi tena? Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hilo ni jema. Uingereza nayo ilikuwa na sheria, na bado hospitali za Royal Free za London ziliwapa DeepMind, kampuni ya akili mnemba ya Google, rekodi za wagonjwa wapatao milioni 1.6, na mwaka 2017 mamlaka ya huko ya kulinda taarifa ikasema wagonjwa hawakuarifiwa ipasavyo.

Kwa hiyo mkiniletea fomu leo, nitatia sahihi kwa aleji za mama, presha yake na dawa anazomeza, zisomwe na daktari au mashine yoyote, Tanzania nzima. Faili lake zima, hapana, japo nilianza barua hii nikitaka litolewe. Pengine nitabadilika siku mgonjwa atakapoweza kufungua simu yake akaona nani amelisoma faili lake, saa ngapi, na kwa sababu gani, na akawa na mahali pa kulalamika ambapo hakai yule yule mtoto wa jirani.

Msomaji, Morogoro