Wahyi, nyuki na ndoto ya bibi yako

Mbeya, Julai

Mwanangu,

Wa alaykumu salaam, na marahaba. Ujumbe wako niliusoma usiku nimejikunyata kwenye jiko la mkaa, maana baridi ya mwezi huu haina huruma, na nyie huko Mafinga najua hamna nafuu. Nikaona hili si jambo la kujibu kwa simu. Barua inakuja na basi la asubuhi, imo ndani ya boksi la maparachichi.

Unasema mwenzako wa pale kwenye mbao alikuuliza mkinywa chai: "Hivi Kurani yenu ilidondoka kutoka mbinguni ikiwa imeshaandikwa?" Ukacheka, kisha ukagundua jibu huna. Ukaongeza na la kwako: ile ndoto ya bibi yako, nayo ilikuwa wahyi, yaani ufunuo kutoka kwa Mungu?

Mwenzako hajakosa adabu. Makureshi, watu wa kabila la Mtume kule Makka, nao walihoji kwa nini isishuke yote kwa mkupuo mmoja, na hoja yao imo katika Kurani yenyewe, Suratul Furqan. Ilishuka kidogo kidogo kwa miaka kama 23, kuanzia mwaka 610, Mtume (rehema na amani zimshukie) akiwa na miaka 40 katika pango la Hira. Wala haikuwa karatasi. Alisomewa, naye akawasomea watu. Wao wakaihifadhi vifuani na kuiandika kwenye ngozi, mifupa na makuti ya mtende.

Sasa neno lenyewe. Kwenye chuo cha Kurani tulikaririshwa kwamba wahyi ni ujumbe anaoleta Jibrili, basi. Kumbe kwa Kiarabu asili yake ni kumfikishia mwingine jambo upesi na kwa siri, asiyehusika asijue. Ndiyo maana Kurani inalitumia kwa upana. Nabii Zakaria alipozuiwa kusema, aliwaashiria watu wake wamtukuze Mungu asubuhi na jioni; neno ni hilo hilo. Mashetani wakinong'onezana, neno ni hilo. Na katika Suratun Nahl, Mola anampa nyuki wahyi ajitengee nyumba milimani, mitini na katika wanavyojenga watu. Babu yako alikuwa akipandisha mizinga kule Chunya, na kundi likiingia lenyewe bila kuitwa, aya hiyo ndiyo aliyoisoma.

Mama yake Musa naye alipewa wahyi: mnyonyeshe, na ukimhofia mtie mtoni. Hapo mimi huwa nashindwa kuendelea kusoma. Nimekulea wewe, najua kumlaza mtoto kwenye kikapu na kukisukuma majini si amri ya kutii kwa akili ya kawaida. Lakini mama yule hakuwa mtume, na nyuki hakuja na sheria. Kwao wahyi ni ilhamu, jambo analotiwa kiumbe moyoni au katika maumbile yake.

Wahyi wa mitume ni mwingine. Suratu Shura inasema Mungu hasemi na mtu ila kwa njia tatu: kwa wahyi unaotiwa moyoni moja kwa moja, kwa nyuma ya pazia, kama Musa alivyosemezwa asimwone msemaji, au kwa kumtuma mjumbe, yaani malaika. Kurani ilikuja kwa njia hiyo ya tatu.

Swali la mwenzako, la wahyi ulikujaje hasa, aliwahi kuuliza Harith bin Hisham, ndugu wa Abu Jahl yule adui wa Mtume; Harith mwenyewe alisilimu Makka ilipofunguliwa. Mtume akamjibu kwamba mara nyingine humjia kama mlio wa kengele, na huo ndio mzito zaidi kwake, kisha humwachia akiwa ameshashika yaliyosemwa. Mara nyingine malaika humjia kwa sura ya mtu, akamsemesha. Mama wa Waumini Aisha akaongeza alichokiona mwenyewe: wahyi ulimshukia siku ya baridi kali, na ulipomwachia, paji la uso wake lilikuwa linatiririka jasho.

Soma tena hapo, mwanangu. Sisi tunaoijua baridi, asubuhi hii nimetoka nje na moshi unanitoka mdomoni, tunaelewa kuliko watu wa Dar. Mtu hatoki jasho Julai kwa kutunga maneno. Na Zaid bin Thabit, mwandishi wa Mtume, anasimulia kwamba siku moja paja la Mtume lilikuwa juu ya paja lake, wahyi ukashuka, paja likawa zito hadi akahofia lake litavunjika. Kilichoshuka wakati ule ni maneno machache tu ya kuwapa udhuru wasiojiweza kwenda vitani, kwa sababu ya Ibn Ummi Maktum, kipofu, aliyekuwa amelalamika.

Ila kwangu mimi hoja nzito kuliko jasho ni kusubiri. Aisha huyo huyo alipozuliwa uongo juu ya heshima yake, mwezi mzima ulipita bila wahyi kumhusu. Watu wanasema mitaani, mke analia mpaka anaona ini litapasuka, na mume hana aya. Angekuwa anazitunga yeye, angeshindwa nini kuitunga jioni ile ile? Aya za Suratun Nur za kumtakasa zikaja kwa wakati wake, wao wakiwa wamekaa nyumbani kwa wazazi wa Aisha, na jasho likamdondoka Mtume kama lulu, napo ilikuwa siku ya baridi.

Ndoto ya bibi, sasa. Babu alikuwa machimboni miezi mingi hana habari, bibi akamwota amekaa mlangoni anavua viatu, na siku ya tatu akaingia. Mtume mwenyewe alianza kwa ndoto za kweli, zikitokea kama mapambazuko, na akasema ndoto njema ni sehemu moja katika 46 za utume. Kwa hiyo usiidharau. Lakini sehemu ya kitu si kitu chenyewe. Ndoto ya nabii ni wahyi na hufuatwa. Ya bibi yako ilikuwa bishara yake mwenyewe. Hakumwamrisha mtu kwa ndoto ile, aliinjika maji ya kuoga tu. Anayekwambia ameoteshwa akuamrishe wewe, huyo mwogope.

Maana mlango wa wahyi wa mitume umefungwa. Mtume alipofariki, masahaba wake Abubakar na Umar walikwenda kumtembelea Ummu Ayman, mama aliyemlea. Wakamkuta analia. Wakamwambia: hujui kwamba yaliyoko kwa Mungu ni bora zaidi kwa Mtume wake? Akasema anajua. Analia kwa sababu wahyi wa mbinguni umekatika. Wakaketi, wakalia naye.

Kidumu kilicho chini ya maparachichi ni asali ya Chunya. Mgawie na mwenzako.

Mama yako