Kabla hujaenda kujitolea kufundisha Newala, ulizia kwanza korosho na maji

Mwezi huu watu watatu wameniuliza kuhusu kujitolea ualimu vijijini huko kusini, wote wamemaliza chuo na wote wanasubiri ajira, kila mmoja nimemjibu kwa voisi ndefu mpaka bando limeisha, kwaiyo naona niandike mara moja tu nikiulizwa tena natuma hii.

Mi nilikua Newala, mkoa wa Mtwara, nilienda Januari 2021 nikatoka Desemba 2022. Nilikua na cheti changu cha ualimu, nyumbani Morogoro nimekaa mwaka na nusu namsaidia mama kukaanga vitumbua, kila zikitangazwa nafasi naomba na kila majina yakitoka langu halimo. Kuna mtu akaniambia huko juu Newala kuna shule ina walimu wanne, madarasa saba, wanatafuta wa kujitolea, kijiji kitampa posho. Nikasema bora niende nikachafuke chaki kuliko kusahau kazi. Kijiji na shule sivitaji, watu bado wapo na wengine mtandaoni humu wamo.

Kosa langu la kwanza lilikua kwenye hela, na naanza nalo maana ndo linarudisha wengi nyumbani kabla ya mwezi wa nne. Niliitwa kwenye mkutano wa kijiji, nikatambulishwa, watu wakapiga makofi, ikapitishwa kila kaya itoe elfu moja kwa mwezi ya mwalimu wa kujitolea. Nikauliza kaya ngapi, mtendaji akasema kama mia na themanini. Nikapiga hesabu kwenye simu pale pale nimekaa, laki na themanini kwa mwezi, moyoni nikasema hii si ni ajira kabisa. Mwezi wa kwanza nikaletewa elfu ishirini na tatu. Wa pili elfu kumi na moja. Wa tatu hamna kitu, ila kuna mama alileta muhogo ndoo nzima na mwingine mbaazi, na mimi kwa ujinga wangu nikanuna.

Sasa nisikilize hapa. Wale watu hawakua waongo, hela ilikua hamna kweli. Newala, Tandahimba, Masasi kote kule hela ni korosho na korosho ina msimu wake. Kuanzia mwezi wa tano hivi watu wanapalilia na kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, yani hapo ndo hela inatoka mfukoni haiingii. Kuokota kunaanza kushika kasi mwezi wa tisa wa kumi, mzigo unapelekwa chama cha msingi cha ushirika, unaenda ghalani, unasubiri mnada, af malipo yanapita benki. Kwaiyo mtu anaishika hela yake mwezi wa kumi na moja hivi. We ukimwambia mtu wa namna hiyo alipe elfu moja mwezi wa pili, mwezi ambao mahindi mapya bado na ya zamani yameisha, unamtafutia aibu tu. Tena wengine wanabanwa mpaka wanaiingiza korosho yao kangomba, anachukua hela ya kula leo kwa mjanja fulani kwa bei ya kutupa, msimu ukifika korosho si yake tena. Kangomba imepigwa marufuku miaka na miaka na bado ipo, njaa haisomi tangazo.

Novemba 2021 tukakaa upya na kamati ya shule, na hili ndo wazo bora nililowahi kutoa maishani (sio langu peke yangu, mwenyekiti wa kitongoji ndo alianza). Badala ya elfu moja kila mwezi, kila kaya itoe elfu nane mara moja, sasa hivi hela ipo, iwe posho ya mwaka mzima unaokuja. Zilitoa kaya 126. Piga hesabu, ni milioni moja na elfu nane. Mweka hazina wa kamati akaiweka, akawa ananipa elfu themanini kila mwisho wa mwezi nasaini kwenye kaunta buku, na iliyobaki tukanunua mpira na kufuli la stoo. Elfu themanini sio hela, najua. Lakini ni elfu themanini unayoijua tarehe yake.

Na usikubali hata siku moja mtoto arudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango wako. Tangu 2016 elimu ya msingi haina ada, michango ni ya hiari ya wananchi wenyewe, hailazimishwi kupitia kwa mtoto. Ile ruzuku inayokuja shuleni nayo ni ya chaki, karatasi na matengenezo, usiitolee macho. Kuna siku nilikuta mtu ameandika ubaoni majina ya watoto ambao kwao hawajatoa, kwenye darasa langu mimi! Nilifuta na kanga niliyojifunga, sikungoja hata dasta.

Barua. Usiende kienyeji. Ongea na mwalimu mkuu kwanza, ndio, na serikali ya kijiji, lakini andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri upitishe kwa afisa elimu kata, ubaki na nakala yenye muhuri. Mimi miezi mitano ya kwanza sikua nayo, siku wathibiti ubora, yani wakaguzi wa shule, wamekuja nikaambiwa nikae kwanza nyumbani, nikashinda ndani kama mwizi huku darasa la kwanza halina mtu. Na mwishoni ukitaka uthibitisho kwamba ulijitolea, bila ile ya kwanza kila mtu anakuangalia kama umeokotwa.

Maji sasa. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, maji yako chini huko bondeni, kuna mradi mkubwa wa maji wa Makonde unaoyasukuma kutoka Mitema kuyapandisha, ila kijijini kwetu bomba lilikua linatoka likijisikia. Kwaiyo nyumba nyingi zina kisima uani, sio kisima cha kuchimba maji, ni shimo limejengewa kwa simenti, mvua ikinyesha bati linamwaga kwenye mfereji maji yanaingia humo. Kina mfuniko na mfuniko una kufuli. Mvua kule ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo unakula ulichoweka. Ukiunganisha na ile habari ya korosho utaona kitu nilichochelewa kuelewa: maji yakiwepo hela hamna, hela ikiwepo maji hamna.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja, mjane, ana visima viwili. Mwezi wa kwanza alikua ananichotea mwenyewe. Anafungua kufuli, anapiga magoti, anashusha ndoo kwa kamba taratibu haigusi ukuta, af anatulia anasikiliza ndoo ikigonga maji, kwa ule mlio tu anajua kimebaki kiasi gani. Mimi natumia ndoo tatu kwa siku, kuoga asubuhi kuoga jioni kufua, mtoto wa Morogoro na mito yetu. Hakusema kitu. Siku moja akaniita, "Mwanangu, njoo uchungulie." Nikachungulia, naona uso wangu mbali kule chini. Akasema, "Hayo mpaka mvua." Ilikua Juni. Nikashuka mpaka ndoo moja na nusu, ya kuogea nafulia, ya kufulia namwagia choo. Mwezi wa nane akanipa ufunguo wa pili. Oktoba ndoo mtaani ilifika mia tano na mi nilikua bado nachota uani. Kwaiyo ukifika usiulize chumba kina umeme, uliza kina kisima na kimejaa mpaka wapi.

Af tafadhali sana usiwatume wanafunzi maji yako ya nyumbani. Utakuta wengine wanafanya na utaona kawaida, mtoto wa la tatu kabeba ndoo ya mwalimu wakati kwao hawajaoga. Usifanye, utakua umeyamaliza yote uliyofundisha.

Darasani nilipewa la kwanza na la pili kwa pamoja, watoto 94 na 71, asubuhi hawa wanakaa wale wanasubiri chini ya mkorosho. Wengi nyumbani ni Kimakonde, Kiswahili wanakikuta kwako. Nikiandikisha imla nasema "mti", mtoto anaandika "nti". Nasema "mtoto", anaandika "ntoto". Nikawa nakosoa tu, mikasi mikasi daftari zima, mpaka kuna mwalimu mmoja mwenyeji, mtu mzima, akachukua daftari akasema mwalimu huyu mtoto kaandika sawasawa, kaandika anavyosikia kwao, we bado hujamsikia. Tangu siku ile nikawa nasimama mbele nafunga midomo nafungua, mmm-ti, wanaangalia mdomo wangu wanacheka kweli kweli, wakimaliza kucheka wanaandika m. Sio wote. Mpaka naondoka kuna mmoja alikua anaandika "nwalimu" na roho yake safi.

Vihesabio nikasema nitumie kilichopo, nikaomba korosho mbovu kwa wazazi, nikapata mia mbili kwenye ndoo. Jumatatu tumehesabu mpaka mia raha mustarehe. Ijumaa nafungua ndoo zimebaki stini na tatu, na nyuma ya choo kuna moto umezimwa na maganda. Eti mbovu! Tumia visoda.

Kuhusu utoro, msimu wa kuokota darasa litapungua, hilo lijue, vitu vigumu vifundishe mapema. Na jando na unyago usivipige vita mkutanoni kama nilivyowahi kumuona mgeni mmoja akifanya, hakusalimiwa wiki mbili. Watoto wanachezwa likizo ya Juni au Desemba, tatizo linakuja pale sherehe za kuwatoa wali, yani hao watoto waliochezwa, zinaporuka tarehe ya kufungua shule. Mimi nilikua naenda kwa wazazi mapema, mwezi wa tano, nakaa mkekani, nasema tu shule inafunguliwa tarehe fulani naomba wali wangu wawe wametoka. Wengine walitoka kwa wakati, wengine walichelewa wiki. Nilialikwa sherehe nne na nikacheza zote.

Walimu wenzako wa ajira wana moyo wengi wao, ila kuna atakayekuona wewe ndo likizo yake. Mmoja alikua anaondoka Alhamisi kwenda mjini anarudi Jumanne, vipindi vyake anasema "madamu yupo." Nilivumilia muhula mzima nikijiona mgeni. Usivumilie, sema na mwalimu mkuu wiki ya pili, kwa upole, mbele ya ratiba.

Vitu vidogo. Beba sweta, nilicheka nilipoambiwa, kusini si joto, af Juni usiku Newala nikalala na soksi. Ukitoka Mtwara mjini kipande cha kwanza mpaka Mnivata ni lami, huko mbele wakati wangu ilikua vumbi na mvua ikinyesha tope, kwaiyo nguo nyeupe acha kwenu. Jumapili moja nenda Shimo la Mungu, simama pale ukingoni uangalie bonde la Ruvuma mpaka Msumbiji, ni bure. Uraka, pombe ya mabibo, ukikaribishwa onja ukitaka, ila usikae mpaka wanafunzi wakuone unarudi.

Na kuondoka. Ajira yangu ilitoka mwishoni mwa 2022 na nikaficha wiki mbili nikiogopa kuwaambia, mwisho watoto wakasikia dukani. Waambie mapema, na wazazi waambie ile siku ya kwanza kabisa kwamba jina lako likitoka unaenda. Bibi nilimrudishia ufunguo siku ya safari asubuhi, mvua ilikua imeanza jana yake, akaniambia ngoja basi uchote ya kuoga, leo usipime.

Anayetaka kuanza Januari aandike barua sasa hivi, Desemba ofisini hutamkuta mtu.