Babu alikuwa mjumbe Tabora 1958, makala yake inafutwa: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Niliandika wasifu wa marehemu babu yangu kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Alikuwa mjumbe wa mkutano wa TANU uliofanyika hapa Tabora Januari 1958. Vyanzo nimeweka sita: wasifu uliosomwa msibani, blogu nne na kitabu kimoja kinachomtaja. Sasa makala imewekewa alama ya kufutwa. Kwani babu hakuwa mtu muhimu?
Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyepima heshima ya babu. Kinachotafutwa ni kama watu wasio wa ukoo wala wa chama chake wameandika habari zake kwa kirefu, tena mahali penye mhariri anayewajibika. Kipimo hiki kinauma, hasa kwetu, ambako wazee wengi waliofanya makubwa hawakuandikwa. Na kimewahi kumpita mtu mkubwa: makala kuhusu mwanafizikia Donna Strickland wa Kanada ilikataliwa Mei 2018 kwa upungufu wa vyanzo vya namna hiyo, na Oktoba mwaka huohuo akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel.

Wasifu wa msibani uondoe. Mmeuandika wenyewe, na haukuchapishwa mahali ambapo msomaji wa Kasulu au Mombasa angeupata akauhakiki.

Blogu ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Zifungue zote nne, usome aya kwa aya. Sentensi zikiwa zilezile, hata makosa ya herufi yaleyale, hapo una chanzo kimoja kilichonakiliwa mara nne. Halafu angalia tarehe. Kama ziliandikwa baada ya makala yako, huenda zimechota kwako, nawe unaleta maneno yako mwenyewe kama ushahidi. Uongo mwingi kuhusu watu umepata nguvu kwa njia hii, na kuung'oa baadaye ni kazi kubwa.

Kitabu ni kizuri, lakini jina kwenye orodha ya wajumbe linathibitisha kuhudhuria tu. Halibebi makala nzima.

Tafuta magazeti ya wakati ule: Tanganyika Standard, Mwafrika, Mambo Leo. Chanzo si lazima kiwe mtandaoni. Jina la gazeti, tarehe na ukurasa vinatosha. Majalada ya Nyaraka za Taifa nayo yatakusaidia kuhakiki tarehe, ila usiyafasiri mwenyewe ndani ya makala, maana huo utakuwa utafiti mpya, na kamusi elezo haiupokei.

Wakati unatafuta, babu ana nafasi kwingine. Mkutano wenyewe, ule wa Uamuzi wa Busara, umeandikwa sana: ndipo TANU ilipokubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na Zuberi Mtemvu akajitenga kuunda chama chake. Sentensi moja kuhusu babu, yenye ukurasa wa kile kitabu, inaweza kukaa katika makala inayohusu mkutano huo. Ipendekeze kwenye ukurasa wa majadiliano, useme wazi kuwa wewe ni mjukuu wake, kisha mwachie mhariri mwingine aiweke.